Mchanga wa Mzee Sefu

Ninyi mliobaki kwenye garaji mmeniuliza mara nyingi kwa nini gari lenye turbo haliruhusiwi kutoka uwanjani kwetu kabla halijapakiwa magunia ya mchanga na kupanda mteremko wa mto. Kila mara nilijibu, "Kwa sababu nimesema." Lilikuwa jibu la mtu asiyetaka kujibu. Sasa nimeacha kazi, magoti yangu hayakubali tena kulala chini ya gari, na nina muda wa kukaa na kalamu. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, kwa hiyo nitaandika kama ninavyoongea. Habari za vyeo hamtazikuta hapa. Katika garaji yetu vyeo vilikuwa viwili, mwenye spana na asiye na spana. Nitaandika juu ya hewa na mzigo, na juu ya mke wangu Feza, kwa sababu mambo hayo siwezi kuyatenganisha.

Niliingia kazini nikiwa na suruali moja na jina la mtu wa kumwona. Mtu huyo alikuwa Mzee Sefu, fundi wa magari hapa Kasongo, wa familia ya Waislamu wa mjini. Mimi natoka kijiji cha barabara ya Nyangwe, Mkristo, mtoto wa wakulima wa mihogo na mpunga. Gari pekee nililolijua vizuri lilikuwa lile lililokufa mbele ya shule yetu na kugeuka nyumba ya mbuzi. Mzee Sefu aliniangalia mikono kabla ya kuniangalia uso.

"Unajua nini?" akauliza.

"Sijui kitu, Mzee."

"Vizuri. Wale wanaojua wamenichosha."

Kwa miezi mingi niliosha nati kwa mazuti, yaani dizeli, nikazipanga juu ya gunia kwa ukubwa wake, na Mzee akipita anazivuruga kwa mguu ili nizipange tena. Sikumpenda. Baadaye niligundua kwamba ninaweza kushika nati gizani na kujua ni ya gari gani, nikaanza kumpenda kidogo.

Kazi ya turbo Mzee aliniachia mwaka wa pili. Kwa wale wapya kabisa naeleza kwa kifupi. Moshi unaotoka kwenye injini una nguvu, na magari mengi yanautupa tu nje. Gari lenye turbo linaupitisha moshi huo kwenye gurudumu dogo lililofichwa ndani ya chuma kilichojikunja kama konokono. Moshi unalizungusha, na gurudumu hilo limefungwa kwenye mhimili mmoja na jingine upande wa pili, ambalo linavuta hewa safi na kuisukuma kwa nguvu ndani ya injini. Hewa ikiingia nyingi, mazuti mengi yanaungua vizuri, na gari linapata nguvu ambayo ukubwa wa injini yake peke yake usingeitoa. Hewa hiyo inapita kwenye mpira mnene tunaouita dirite. Ushikeni mpira huo akilini, tutaurudia.

Mzee Sefu alikuwa na manometa, kipimo cha msukumo wa hewa, aliyoitoa kwenye pampu ya zamani. Kioo chake kilikuwa na ufa alioubandika gundi. Aliunga kimpira chembamba kutoka kwenye bomba la hewa la injini, akakipitisha dirishani, na manometa ikakaa kwenye mapaja ya aliyeketi ndani. Siku ya kwanza aliniachia pikapu moja, akaniambia niangalie kama turbo inasukuma. Niliwasha, nikakanyaga mafuta gari likiwa limesimama, injini ikalia mpaka kuku wakakimbia. Sindano ya manometa haikupanda hata unene wa ukucha.

"Turbo imekufa, Mzee."

"Imekufa? Umeizika wapi?"

Watu wa garaji wakacheka. Mzee akaonyesha pembeni ya ukuta, palipokuwa na magunia ya mchanga ambayo nilidhani ni ya kujengea. "Pakia yote. Ukimaliza niite."

Nilipakia peke yangu. Halafu tukateremka mpaka karibu na mto, akageuza gari, akaanza kupanda kurudi mjini. Injini ilikuwa inalia chini kuliko nilivyoiliza mimi uwanjani, lakini sindano ikaanza kuondoka pale ilipokuwa imelala. Ikapanda polepole, ikapanda tena, ikasimama juu na kutetemeka.

"Nani ameifufua?" Mzee akauliza. "Ni miye ao ni weye?"

"Ni mchanga, Mzee."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza aliniita kwa jina langu. Kule juu alizima gari, akanieleza. Injini inayozunguka bure haina kazi, kwa hiyo inaomba mazuti kidogo, inatoa moshi kidogo usio na joto, na moshi huo hauna nguvu ya kulisukuma gurudumu la turbo. Ukiibebesha mzigo na kuipandisha mlima, mguu wa dereva unakwenda chini, mazuti yanaingia mengi, moshi unatoka mwingi na wa moto, na hapo turbo inasukuma. Tulipokuwa tunateremka tena alinifanya nisikilize. Injini ilikuwa inazunguka vilevile kama wakati wa kupanda, sauti ile ile, na sindano imelala.

"Sauti inakuambia tu injini inazunguka namna gani," akasema. "Haikuambii inabeba nini. Mutu anayepima turbo kwa sikio, gari limesimama, ni kama anayepima nguvu za mutu aliyelala."

Nimefanya kazi miaka mingi baada ya maneno hayo, na sijakuta kosa ndani yake. Aliwahi kuja bwana mmoja ambaye mafundi wa kwao walimbadilishia turbo mara mbili, kwa sababu kila walipoliliza gari uwanjani manometa ilikataa kupanda. Turbo ya kwanza ilikuwa nzima. Ya pili ilikuwa nzima pia. Alikuwa anataka kuagiza ya tatu. Mzee Sefu alipakia mchanga, akapanda mlima mmoja, akarudi na kutoa kiota cha nyigu kwenye bomba la kuvutia hewa. Bwana yule alikasirika badala ya kushukuru. Watu hawapendi kusikia kwamba nyigu ndio waliowasumbua.

Feza nilimwoa wakati nimeshapewa spana zangu. Alikuwa Mubangubangu wa Kabambare, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Alikuwa na tabia moja ambayo watu wa garaji waliichekea. Hakukubali nilale chini ya gari kabla yeye mwenyewe hajaweka magogo mawili nyuma ya magurudumu. Alikuwa anauza maandazi kando ya lango letu, na akiniona natafuta kipande cha gunia cha kulalia, anaacha sufuria, anakuja, anaweka gogo moja kushoto, moja kulia, anayapiga teke kuona kama yamekaa, anarudi kwenye maandazi yake.

"Mama Riziki, nasi tuna mikono," mafundi walimwambia, wakimwita kwa jina la mtoto wetu.

"Iko mikono ya haraka," alijibu. "Mume niko naye mumoja."

Mzee Sefu alipofariki, garaji ilibaki mikononi mwangu. Magunia yalioza, mchanga ukamwagika kando ya ukuta, kuku wakawa wanaoga humo. Mvua ilikuwa inaingia kwenye jiko la Feza kwa sababu ukuta ulikuwa umebomoka. Nikauchukua mchanga wa Mzee, nikaupiga ukutani. Feza alifurahi. Sikujaza mwingine. Wenye magari hawakutaka kusubiri upakie, upande, urudi, upakue. Walitaka gari litoke asubuhi lipate barabara kavu. Na sikio langu lilikuwa limeshapata sifa. Watu walisema fundi huyu akisimama kando ya injini anajua inaumwa wapi. Nililipenda neno hilo. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Hapo ndipo tulipoanza mchezo ambao ninyi hamkuukuta, kwa sababu niliuua mwenyewe. Tuliuita kuimbisha. Gari likitoka garaji kwenda safari, abiria wanakuwa wameshakusanyika langoni na mizigo yao. Fundi anapanda, anawasha, analiliza mara tatu mbele ya wote. Likilia safi, watu wanapiga makofi na kuanza kupanda juu ya mizigo. Lilikuwa jambo la kupendeza kuangalia. Hata ambaye hajui nati ni nini aliondoka akiamini kwamba amelisikia gari kwa masikio yake.

Kamio ninayotaka kuwasimulia, lori la mizigo lenye turbo, ilikuwa ya mfanyabiashara aliyepeleka chumvi na sabuni Kabambare mpaka Salamabila. Dereva wake aliitwa Amisi, mtu mwembamba, mpole, asiyejua kubishana. Aliileta jioni moja, akasimama mbele yangu na kofia mkononi.

"Fundi, kwenye uwanda inaenda muzuri. Mlimani inakufa. Inatoa moshi mweusi, na minasikia kama mutu anapiga mluzi mule ndani."

Swali la fundi hapo ni moja: ulikuwa umebeba nini? Mimi niliuliza jingine.

"Unapanda na gia gani?"

"Ya pili."

"Weka ya kwanza, basi. Gari haina kosa kama weye uko na uvivu wa mkono."

Waliokuwepo walicheka. Amisi hakucheka. "Miye ni shofere tangu zamani, Fundi. Hii kitu ni mupya."

"Na miye ni fundi tangu zamani. Nitaangalia."

Nilibadilisha filta ya mazuti. Nilipuliza filta ya hewa. Niliigusa dirite kwa juu, ikawa safi. Kwa chini, pale inapojikunja karibu na injini, sikupeleka mkono. Nikaliliza gari, nikasikiliza, likalia vizuri. Nikafunga boneti.

Asubuhi niliiimbisha. Abiria walikuwa wengi, na Feza alikuwa mmoja wao, anakwenda kumwona mama yake aliyekuwa anaumwa miguu. Alikuwa amebeba bidoni, yaani dumu, la mawese na kitenge kipya. Niliiliza mara tatu ile kamio, watu wakapiga makofi. Mzee mmoja hakupiga. Alimwambia Feza, "Mama, hii gari iko nzima kweli? Minaona uso wa shofere haufurahi."

"Mume wangu amesema iko nzima," Feza akasema, akampa yule mzee mkono apande kwanza. Halafu akaniangalia kutoka juu ya magunia. "Kuku uwafungie mapema."

Kwenye barabara ile kuna mlima ambao madereva waliubatiza Mushuke, kwa sababu wakifika hapo wanawaambia watu hivyo. Mlioendesha mnajua utaratibu. Abiria wote wanashuka, wanatembea nyuma ya gari, na watu wanne wanabeba magogo, wawili kila upande, ili gari likisita wayaweke nyuma ya magurudumu. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili kabla. Yaliyofuata niliambiwa na waliokuwepo, na wote waliyasema sawa. Kamio ilipanda vizuri mpaka katikati, ukasikika mluzi, moshi mweusi ukafunika waliokuwa nyuma, nguvu ikaisha. Injini ikazima. Ikizima, breki ya kamio ile inabaki na kanyago mbili au tatu tu, halafu kanyagio linakuwa gumu kama jiwe na gari halishikiki. Amisi alipiga kelele, "Gogo." Yule mzee alikuwa mmoja wa wabeba magogo, na kabla ya hapo alikuwa amechoka, Feza akampokea gogo lake. Aliliweka nyuma ya gurudumu kama alivyoniwekea mimi miaka yote. Likateleza kwenye tope. Wengine waliruka pembeni. Yeye aliinama kuliweka tena.

Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Walipakua mizigo yote ili kamio iweze kutoka. Ikiwa tupu, ilipanda Mushuke bila shida yoyote, ikageuzwa juu kule, ikateremka, na ikamrudisha Feza Kasongo. Watu wote waliona ilivyopanda. Kwa hiyo walipofika walikuwa wameshakubaliana kwamba gari halina kosa, kosa ni la dereva. Shemeji zangu walimpiga Amisi, wakamng'oa meno mawili. Polisi wakamchukua. Kituo sitakitaja, waliokuwepo wakati ule wameshahamishwa. Komanda wao alitaka kufanya haki, akaagiza kamio iletwe uwanjani, akapanda mwenyewe, akailiza mara tatu mbele ya watu. Ikalia safi. Alikuwa ameniona nikifanya hivyo mara nyingi.

Mimi nilijua tangu saa ya kwanza. Waliposema moshi mweusi na mluzi, nilijua ni dirite, na nilijua ni upande gani. Nikanyamaza siku tatu. Nilikaa kwenye mkeka wa matanga, watu wakaja kunishika mkono, wakasema ni mpango wa Mungu, wakasema shofere yule ni mwuaji, na mimi nikainamisha kichwa. Wakadhani ni uchungu. Uchungu ulikuwepo, lakini kichwa kilikuwa kimeinamishwa na kitu kingine.

Siku ya tatu mke wa Amisi alikuja na mzigo wa kuni, kama mwanamke yeyote anavyokuja matangani. Aliweka kuni, akaja mbele yangu, akapiga magoti.

"Baba Riziki, pole."

"Aksanti, Mama."

"Amisi amenituma neno moja. Anauliza, Fundi anakumbuka nilimwambia nini juu ya mlima?"

"Nakumbuka."

Akaniangalia usoni. "Basi kwa nini yeye iko ndani, na weye uko kwenye mkeka?"

Hakupandisha sauti. Alisimama, akakung'uta magoti yake, akaenda.

Asubuhi nilikwenda kituoni. Niliomba niione kamio, nikapitisha mkono chini ya dirite, kwenye mkunjo, nikaugusa mpasuko. Midomo yake ilikuwa imefungana, huwezi kuuona kwa jicho. Ukiukunja mpira, unafunguka kama jicho la samaki. Nilimwonyesha Komanda.

"Hii? Ukubwa wa ukucha?" akasema. "Fundi, gari tumeisikia sote. Iko inaimba."

"Ikiwa tupu inaimba. Haisukumi hewa, kwa hiyo mpasuko haufunguki. Ikibeba na kupanda, turbo inasukuma, mpira unafunguka, hewa inatokea hapo, injini inakosa pumzi."

"Washa, basi, tuone."

"Ikisimama hutaona kitu, Komanda. Ndiyo shida yenyewe."

Alinihurumia. Niliiona huruma ile na ikaniudhi. "Baba, umefiwa. Sasa unataka nini?"

"Mchanga," nikasema.

Alinipa mpaka kesho yake. Mwenye kamio alikataa chumvi yake ipakiwe, akisema gari lile lina mkosi. Niliazima magunia, nikashuka mtoni na koleo. Majirani walisimama juu ya mteremko wakaniangalia nachimba mchanga siku ya nne ya matanga, nikasikia mmoja akisema akili imemtoka. Hakuna aliyeshuka. Baadaye mke wa Amisi alikuja, akashika mdomo wa gunia ukae wazi, mimi nikatia mchanga. Tulijaza mpaka magunia yote yakaisha.

Kesho yake walimtoa Amisi. Mdomo wake ulikuwa bado umevimba. Nilimwomba Komanda amwache aendeshe yeye, na Komanda akae kando yake na manometa ya Mzee Sefu mapajani. Shemeji zangu walisimama kando ya njia.

"Siwezi, Fundi," Amisi akasema.

"Endesha vile uliendesha siku ile. Gia ile ile."

"Nani atabeba gogo?"

"Miye."

Aliniangalia, halafu akapanda.

Nilitembea nyuma. Mteremko ulikuwa ule ule ambao Mzee alinifundishia, na udongo ulikuwa mkavu. Kamio ilipanda vizuri mpaka katikati. Kisha nikausikia mluzi, mwembamba, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto, na moshi ukanijia usoni mweusi kabisa. Nguvu ikaisha. Gari likasita, likaanza kunirudia.

"Gogo," Amisi akapiga kelele, na sauti yake ilivunjika kwenye neno hilo.

Niliinama, nikaliweka. Lilikaa. Gurudumu likaliegemea, likatulia. Nilibaki pale nimelishika kwa mikono miwili, ingawa halikuhitaji tena kushikwa.

Komanda aliteremka na manometa mkononi. "Sindano ilipanda mpaka hapa," akasema, akionyesha kwa ukucha. "Halafu ikaanguka. Na mguu wa huyu bwana ulikuwa chini kabisa. Nilikuwa naangalia mguu."

Nikamwambia wapakue, wapande tena. Walipakua, kamio ikapanda tupu, ikiimba, na sindano haikuinuka. Komanda alirudi kwa miguu, polepole.

"Kwa hiyo siku ile uwanjani tulisikiliza nini?"

"Mlisikiliza gari lisilobeba kitu. Hata mimi. Sasa andika, Komanda. Andika kwamba fundi aliambiwa na hakupima na mzigo."

Aliandika kwamba Amisi aachiwe. Halafu akafunga daftari. "Nenda nyumbani, Baba. Mutu hafungwi juu ya kufiwa."

Nilimwambia sisemi juu ya kufiwa. Alikuwa ameshanigeuzia mgongo. Shemeji mkubwa alinishika bega, akanong'ona, "Usirudie tena maneno hayo, Shemeji. Mama asiyasikie." Hivyo ndivyo walivyonifanyia wote. Meno ya Amisi yaling'olewa kwa kosa langu, na mimi mwenye kosa nilipewa pole. Nilikwenda Kabambare kwa pikipiki nikamwambia mama mkwe mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, miguu yake imenyooshwa mbele yake, imevimba. Kisha akauliza kama nimekula. Nilitamani anitemee mate. Alinipikia ugali, nikaula.

Amisi hakuendesha gari tena. Siku ile ya mchanga, kabla hajaondoka na mke wake, alikuja pale nilipokuwa nimekaa juu ya magunia.

"Fundi, siku niliposema inakufa mlimani, ulinisikia?"

Ningeweza kusema garaji ilikuwa na kelele. Ilikuwa na kelele kweli.

"Nilikusikia," nikasema.

"Basi," akasema, akavaa kofia yake. Hatujaonana tena.

Mchanga tulioupakia siku ile ndio ulio kwenye magunia yetu mpaka leo. Magunia nimebadilisha, mchanga ni ule. Dirite ya kamio ile iko kwenye msumari kando ya lango. Mgeni akiuliza, mpeni aishike, atawaambia ni nzima, kisha mwambieni aikunje. Manometa ya Mzee Sefu nimemwachia mwenye funguo za garaji, na ufa wake usibandikwe tena, unasomeka vizuri hivyo ulivyo. Dereva akija na kofia mkononi akasema gari linakufa mlimani, msimuulize gia. Muulizeni alikuwa amebeba nini, halafu pakieni, na fundi aliyelitengeneza ndiye atembee nyuma na gogo.

Ninyi mnaweka magogo kwa mguu, mkiwa mnaongea na simu. Nimewaona. Sikuwahi kuwagombeza, niliinuka tu nikayaweka upya, na mlifikiri ni uzee. Wiki iliyopita, siku yangu ya mwisho, nililala chini ya gari mara moja tu, kukaza nati moja ambayo haikuhitaji kukazwa. Kabla ya kulala niliweka gogo kushoto, nikaweka gogo kulia, nikayapiga teke. Halafu nilingoja kidogo, kama mtu anayesubiri mwenye kazi hiyo aje kuona kama yamekaa.